Pumzi Kutoka Kituo cha Juu

Ofisi nzima ilimwita Mama Laini, na wageni walidhani ni kwa sababu ya upole. Walijuta wenyewe. Jina lilitokana na laini za simu, ambazo zote za kampuni yetu ya maji zilipita mikononi mwake, na upole hakuwa nao hata wa kuazima. Ukimpigia ukaanza salamu ndefu, alikukata katikati akakuuliza unamtaka nani. Ukimwambia una haraka, alikujibu kwamba kila mtu ana haraka, hata maji yana haraka, ndiyo maana yakawekewa mabomba.

Mimi nilikuwa karani wa barua. Jengo lilikuwa dogo na watu wengi, kwa hiyo meza yangu ikasukumiwa ndani ya chumba chake cha swichibodi, karibu na dirisha lililotazama uwanja wa magari. Hakuna aliyeniuliza kama napenda. Siku ya kwanza niliingia nikampa shikamoo kwa heshima zote. Naye, bila hata kugeuka, akaninyooshea kidole kimoja. Nikabaki nimesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Alipomaliza simu ndipo akaitikia marahaba, kisha akanieleza kwamba kidole kikiwa juu maana yake ni subiri, niko na mtu, na kwamba hapendi kurudia jambo. Nilimchukia mpaka saa ya chakula.

Saa ya chakula ofisi ilimwagika nje, simu zikatulia. Mama Laini akafungua bakuli lake, akashika kijiko kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akabana risiva sikioni. Akasema, "Karibu." Akaanza kula. Nilitega sikio, maana umbea mimi sikuuanza jana, lakini hakuna kilichosemwa. Mara moja alisema huku mvua bado. Mara nyingine alitabasamu huku akitafuna. Bakuli lilipokwisha alisema, "Haya, kazi njema," akarudisha risiva mahali pake, akapangusa mdomo. Nikamuuliza alikuwa akiongea na nani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akasema hakuwa anaongea, alikuwa anakula na mume wake.

Mume alikuwa mwendesha pampu wa Kituo cha Juu, nyuma ya vilima, pale mto unapoingizwa kwenye mabomba yetu. Kufika huko ni safari ya kutwa nzima juu ya lori la kampuni, na mvua zikichachamaa barabara haipitiki. Wenzake walimwita Bwana Maneno kwa sababu hakuwa nayo. Ndivyo tulivyo: mfupi tunamwita Mnara, mnene tunamwita Sindano. Miaka ya mwanzo ya ndoa waliishi pamoja, watoto wakiwa wadogo, kisha kampuni ikampeleka juu kwa muda. Huo muda ndio ukawa maisha. Kituo kilikuwa na vyumba vya wanaume peke yao, shule ya watoto ilikuwa huku, na kazi ya mke ilikuwa huku. Basi wakabaki mmoja juu, mmoja chini, wakionana wakati wa likizo, na siku zote nyingine wakila pamoja kwa simu. Laini ya kwenda juu ilikuwa ya kukodi, imelipiwa iongewe isiongewe, na saa ya chakula haikuwa na kazi yoyote. Meneja wa zamani alijua, akajifanya hajui.

Wanawake wa uhasibu walimtania kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliwajibu kwamba yeye hana nyoka wa kuua, ana mume wa kula naye, na kama wao wana waume wa karibu mbona hawaendi kula nao. Lakini siku nyingine, tukimenya machungwa, nilimuuliza kwa nini wasiongee angalau kidogo, simu yenyewe ya bure. Alichomoa mbegu kwenye kipande chake cha chungwa.

"Maneno ninayo kutwa nzima sikioni," akasema, "ya watu wote wa kampuni hii. Hamu yangu si ya maneno, mwanangu. Nina hamu ya mtu mmoja awepo tu, asiseme kitu."

Baadaye akanielezea anachokisikia, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikio lake halikuwa kama langu. Alisikia pampu ikinguruma chumba cha pili. Alisikia kiti cha mumewe, ambacho mguu mmoja ulikuwa mfupi, kikigonga sakafu kila alipoinamia sahani. Alisikia mvua ikianza juu ya mabati, akajua itafika kwetu lini. Zaidi ya yote alisikia pumzi. Bwana Maneno alikuwa amekaa na moshi wa dizeli miaka mingi, na mwisho wa kila pumzi yake kulikuwa na filimbi ndogo. Mama Laini aliijua filimbi ile kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Ikipanda kidogo alimwambia afungue madirisha. Ikipanda zaidi alimwambia aende kwa muuguzi wa kituo, naye alikwenda.

Walikuwa na makubaliano. Yeye hakutaka kumvuta mwanamume shati kumwondoa kwenye kazi anayoipenda, na Bwana Maneno alizipenda pampu zake kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Lakini kifua kilikuwa jambo jingine. Likizo moja alipofika ofisini kumchukua mkewe, mtu mrefu, kofia mkononi, nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, na nadhani ni maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyatoa kwa mkupuo.

"Mimi kifua changu sikisikii tena, nimekizoea. Wewe ndiye unayekisikia. Siku ukisema rudi, nitarudi, sitabisha."

Nilimcheka Mama Laini kesho yake. Nilimwambia kweli mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Akasema nipeleke barua zangu.

Kisha akaja meneja mpya, na meneja mpya ni kama bibi harusi mpya, lazima ahamishe vyombo. Alikuta kampuni ikikodi laini za simu kwenda kila kituo, na pembeni yake waya mwingine wa data unaobeba hesabu na vipimo vya maji. Akauliza kwa nini watu wawili wapande magari mawili kwenda safari moja. Akaletwa Injinia, kijana mpole mwenye mkoba mzito kuliko yeye, akafunga kabati la chuma kwenye kona ya chumba chetu, lenye taa ndogo za kijani na feni iliyovuma kutwa. Yeye aliliita lango la sauti. Sisi tuliliita kabati.

Injinia alitueleza kwa uvumilivu. Sauti ya mtu ikifika kwenye kabati inabanwa mpaka inakuwa ndogo sana, inakatwa vipande, kila kipande kinafungwa kama kifurushi, na vifurushi vinatupwa kwenye waya wa data vikasafiri pamoja na hesabu za wahasibu. Upande wa pili kuna kabati ndugu yake linalofungua vifurushi na kuijenga sauti upya. Mama Laini alimuuliza kama sauti haiumii ikibanwa hivyo. Injinia akasema inapungua kidogo, lakini mtu anaeleweka.

Kweli tulieleweka, ingawa siku za kwanza zilikuwa kichekesho. Sauti zilichelewa kidogo njiani, kwa hiyo watu waligongana maneno kama wanaopishana kwenye mlango mwembamba. Mhasibu mkuu aliamini kabisa kwamba mtunza bohari anamdharau, maana alimjibu baada ya kunyamaza. Wakafikishana mbele ya meneja, wakaambiwa ni mashine. Na sauti zote zilikuja zimepigwa pasi. Hata meneja wa kituo cha mashariki, ambaye kwa kawaida alinguruma, alisikika kama anaongea kutoka ndani ya mtungi. Mama Laini alilichukia kabati kwa moyo wake wote, akalibandika jina ambalo sitaliandika hapa.

Lakini saa ya chakula ya kwanza, alipobana risiva na kusema "Karibu," nilimwona akikunja uso, akasikiliza, kisha uso ukakunjuka taratibu. Aliacha kutafuna. Akanipungia mkono niende pale, akaniwekea risiva sikioni. Nikasikia mvumo laini, unaokwenda sawasawa, kama upepo unaopita kwenye pazia.

Akaninong'oneza kwamba hakuna filimbi. Kifua kimetulia. Dawa ya muuguzi imefanya kazi.

Nilifurahi naye. Alirudisha risiva kwake, akamwambia mumewe, na sauti yake ilikuwa imelainika kweli siku hiyo.

"Mzee, kifua chako kimepona."

Nilisikia mkwaruzo wa jibu. Mama Laini akasema, "Kweli tena. Nakisikia mimi." Kisha akala wali wake wote, akakomba bakuli.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. Alivumilia hata salamu ndefu. Mumewe alikuwa anakaribia kustaafu, na Mama Laini, ambaye nyumbani kwake alikuwa na meza iliyosukumwa ukutani kwa sababu ya kukosa nafasi na kukosa mtu, aliniomba nimsaidie kuivuta katikati ya chumba. Tuliivuta. Akanunua kiti cha pili, akakijaribu kwa kukikalia, akakitikisa kuona kama miguu yote iko sawa. Alisema mzee amekaa kwenye kiti kibovu muda wa kutosha. Mimi nilimwona akikipitisha kitambaa kile kiti ambacho hakikuwa na vumbi, na nasema wazi, nilimwonea wivu. Mimi nilikuwa na mchumba mtaa wa pili na sikuwahi kumpangusia kiti.

Ndipo kampuni ikamwomba Bwana Maneno abaki juu baada ya kustaafu, mpaka pampu mpya za umeme zifungwe, maana hakuna mwingine aliyezijua zile za zamani. Likizo yake pia ikasogezwa mbele. Hakukubali wala kukataa. Alimuuliza mkewe saa ya chakula. Nilijua kuna jambo kwa sababu Mama Laini aliweka kijiko chini, akawa anatazama taa za kabati bila kuziona.

"Wewe unajionaje?" akamuuliza.

Akasikiliza jibu, kisha akanigeukia mimi kama ananishuhudisha. Alisema mzee amemrudishia swali, anasema mwenye kujua kifua chake ni yeye. Akaweka risiva vizuri sikioni, akafumba macho. Alisikiliza kwa muda, kwa haki kabisa, kama anavyopima mwenye mizani asiyetaka kumpunja mtu. Nina hakika alikuwa anaomba asikie filimbi. Angeisikia hata kidogo angesema rudi, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mvumo ulikuja ule ule, laini, hauna kasoro.

"Kimetulia," akasema. "Basi kaa. Wamalizie kazi yao."

Alikwenda kunawa uso. Jioni ile alirudisha meza ukutani peke yake, hakuniita.

Miezi iliyofuata alianza kulalamika juu ya kabati upya. Sauti ya mumewe ilikuwa inazidi kuwa nyembamba. Alisema kabati linambana mzee kuliko linavyowabana wengine. Bwana Maneno, ambaye tangu zamani alisema kidogo, sasa alisema kwa vipande: "Nipo." "Nzuri." "Mvua." Mara nyingine neno lilikatika katikati. Kikohozi hakikusikika, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. Alifundishwa tangu utotoni kugeuka pembeni na kufunika anapokohoa mbele ya chakula, na kwa simu alifunika mdomo wa risiva kwa kiganja. Mama Laini alimwita Injinia, akapima, akasema kila kitu kiko sawa. Akamwita tena. Injinia akasema atakuja saa ya chakula asikilize mwenyewe.

Alikuja kweli, akasimama pembeni na mkoba wake. Mama Laini alikuwa tayari na mumewe kwenye laini. Kwa kuwa kijana alikuwa ametoa saa yake ya kula, Mama Laini aliona si ungwana kumlaumu tu, akatanguliza sifa. Alimwambia kwamba mashine yake ina kasoro katika maneno, lakini pumzi inazileta safi, tena safi kuliko laini ya zamani.

Injinia akauliza pumzi gani.

Akampa risiva. Injinia akasikiliza, akatabasamu kwa upole, na akaeleza, kwa nia njema kabisa, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amefikiri kutueleza. Kabati halisafirishi kimya. Mtu akinyamaza, kabati la upande wake linaacha kufunga vifurushi, kwa sababu nusu ya maongezi ya simu ni kimya, na meneja alikuwa amesema wazi kwamba kampuni hailipii kimya. Pumzi ni ndogo mno, mashine inaihesabu kuwa ni kimya. Lakini sikio la mtu likikosa kila kitu hudhani simu imekatika, kwa hiyo kabati la upande wa msikilizaji linatengeneza mvumo wake lenyewe, mdogo, wa kumtuliza.

"Kwa hiyo huu si wa kwake," Mama Laini akasema.

"Si wa kwake, mama. Unatoka humu humu." Akaligusa kabati kwa vidole.

Hakumwamini. Akabonyeza laini ya bohari kwenye simu ya pili. Mtunza bohari akasema haloo, akaambiwa asubiri, akanyamaza. Mama Laini akaweka risiva ya pili kwenye sikio lake la kulia, ya mumewe ikiwa kushoto, akasimama hivyo katikati ya chumba. Niliona uso wake unavyobadilika. Mtunza bohari alikuwa anapumua sawasawa na Bwana Maneno.

Mimi naandika haya kwa hasira mpaka leo, na hasira yangu haina pa kwenda. Mwanamke aliyejua laini zote za kampuni kwa mvumo wake alikuwa amekula na kabati miezi yote ile, akidhani anakula na mume. Sauti ilipokuwa nyembamba kwa sababu mzee anaumwa, aliilaumu mashine. Mvumo ulipokuwa laini kwa sababu ya mashine, alimpongeza mzee. Wahenga waliosema kikohozi hakifichiki hawakuliona kabati lile.

Hakulia wala hakupiga kelele. Alimwambia Injinia kwa sauti ya kawaida, ile ya kazini, afungue kimya kipite.

Injinia alieleza kwamba kinafungwa kule juu, si hapa, ingawa anaweza kukifungua kutokea hapa kwa kompyuta yake. Lakini amri ya meneja ilikuwa kimya kifungwe kwenye laini zote. Akatazama nje dirishani, uwanja ulikuwa mtupu, wahasibu wote walikuwa wamekwenda kula na waya wa data haukuwa na hata kifurushi kimoja cha kubeba. Akakaa chini pale pale sakafuni, akafungua kompyuta juu ya magoti. Baada ya kuandika kidogo akasema simu ikatwe ipigwe tena.

"Mzee, nakata, napiga sasa hivi," Mama Laini akasema.

Alipiga. Simu ikapokelewa. Mimi nilikuwa meta chache kutoka kwake na bado niliisikia pampu ikiingia chumbani kwetu, kama mlango uliofunguliwa ghafla. Kiti kikagonga sakafu. Kijiko kikagusa sahani. Mama Laini akafumba macho, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilimwona akifurahi, alikuwa amempata. Kisha pumzi ikaja. Haikuwa filimbi ndogo tena. Ilikuwa inapanda kwa shida, inakwama, inasubiri, halafu inashuka ikikwaruza kama jiwe linaloburutwa, na kabla haijafika chini nyingine ilikuwa imeanza. Injinia aliisikia kutoka sakafuni. Akainamisha kichwa.

Mama Laini aliiacha ipite. Akaiacha nyingine ipite, kama aliyetaka kuwa na hakika.

"Nimekusikia," akasema.

Mume akasema kitu.

"Najua hujasema. Nimekusikia tu. Rudi nyumbani."

Sasa laini ilikuwa wazi, na maneno ya Bwana Maneno yalinifikia mpaka pale nilipokaa, moja moja, pumzi katikati.

"Lakini ulisema kimepona."

"Nilisema."

"Nilikuwa naona kinanibana. Usiku hasa. Nikasema, mama watoto hajawahi kukosea."

Mama Laini akasema, "Nimekosea, mume wangu. Rudi nyumbani."

Pumzi ikapanda, ikakwama, ikashuka.

"Haya," akasema Bwana Maneno. "Nimalize kula?"

"Maliza."

Akamaliza kula. Mama Laini hakugusa bakuli lake. Alisimama pale mpaka mwisho, akimsikiliza akitafuna na kupumua, na hakuna kati yetu aliyethubutu kusogeza hata karatasi.

Mzee alishuka na lori lililofuata, amekalia godoro, kofia mkononi. Hakubisha, kama alivyoahidi. Hospitali walisema yale wanayosema siku zote, kwamba mngekuja mapema. Nilitaka kumpiga mtu siku ile na sikuona wa kumpiga. Injinia alifanya kazi aliyotumwa. Meneja aliokoa gharama, na alipopata habari alikwenda mwenyewe kumwona mgonjwa. Kabati ni bati na waya. Na Mama Laini nani angempiga?

Aliacha kazi ili amuuguze. Nilizoea kuwatembelea siku za mapumziko, na meza niliikuta katikati ya chumba, mzee kwenye kiti chake kizuri, mke upande wa pili. Walikuwa wanakula bila kusema, kama siku zote. Kitu kimoja tu kilinichekesha na kuniuma pamoja: Mama Laini alikuwa anakula kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameukunja, kiganja kiko sikioni, kama kimeshika risiva. Hakuwa na habari. Mkono ulikwenda wenyewe kila sahani ilipofunguliwa. Siku moja Bwana Maneno aliweka kijiko chini, akavuta pumzi ya kutosha.

"Shusha mkono," akasema. "Nipo."

Akaushusha, akacheka kwa aibu kama msichana. Kabla sahani haijafika nusu ulikuwa umerudi pale pale. Mzee akanitazama, akainua nyusi, akaendelea kula.

Walikula hivyo mvua zote za mwaka ule na baridi iliyofuata. Si haba, Mama Laini aliniambia baadaye. Lakini mtu aliyesubiri maisha mazima, misimu michache humtia njaa tu.

Mzee alipozikwa, watoto wao walikaa na mama siku za matanga kisha wakarudi kwao, maana kila mmoja ana mlango wake. Nikajiambia nitakwenda kumwona, nikajiambia tena, ndivyo tulivyo. Siku moja nilitumwa kupeleka barua mtaa wa karibu na kwake, saa ya chakula ikanikuta njiani, nikaona nipite. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Niliusukuma.

Meza ilikuwa katikati. Viti viwili, sahani mbili, moja haikuguswa. Alikuwa amenipa mgongo, anakula polepole, mkono wa kushoto sikioni. Nilifungua mdomo nimpe shikamoo. Bila kugeuka akaweka kijiko chini, akaninyooshea kidole kimoja.

Nikasimama mlangoni, nikasubiri.